Mwanangu yuko mafunzo ya utabibu wa wanamaji: maswali tunayoulizana wazazi

Kijana wangu alitoka nyumbani kwetu Houston akiwa na miaka 19, akaenda depo, yaani kambi ya mafunzo ya makuruta, ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Mimi mzaliwa wa Tanga sikuwa na mtu wa kumuuliza kwa lugha yangu. Nikampata mama mmoja wa Mombasa ambaye bintiye alikuwa ametangulia, kisha baba mmoja wa Bukavu, leo tumefika kumi na ushee kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Kila anayejiunga huja na maswali yale yale, na mara nyingi huja nayo usiku. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu tunayopeana. Tunashikana sisi kwa sisi ili mtoto asibebe hofu zetu juu ya mzigo wake wa darasani.

Mwanangu anasema wataanza kumwita "Doc". Je, anasomea udaktari?

Hapana, wala si uuguzi. Anasomea utabibu wa Kikosi cha Hospitali, kikosi kilichoanzishwa tarehe 17 Juni 1898, na ndiyo fani yenye watu wengi kuliko zote kati ya askari wa kawaida wa wanamaji. Atafundishwa kupima presha na joto, kutoa damu, kudunga sindano, kuzuia damu isimwagike, kufunga majeraha, na kumhudumia mgonjwa kitandani. Baadaye anaweza kupelekwa kwenye maabara, eksirei, famasia, chumba cha upasuaji au meno.

Jina la "Doc" hupewa kwa heshima na wale anaowatibu. Wazee wa kikosi hupenda kusimulia kisa cha tarehe 11 Septemba 1942. Nyambizi USS Seadragon ilikuwa chini ya bahari kwenye eneo la adui, na baharia aitwaye Darrell Dean Rector akapatwa na kidole tumbo. Daktari hakuwepo. Tabibu kijana, Wheeler Lipes, akampasua juu ya meza ya kulia chakula, vijiko vimekunjwa ili vishike kidonda wazi, na chujio la chai likatumika kumpa dawa ya usingizi. Rector alipona. Mpaka leo nyambizi za Marekani kwa kawaida hazina daktari. Zina tabibu mwenye mafunzo ya juu anayefanya kazi peke yake.

Kwa hiyo shangazi zake wakimwita daktari, wasahihishe kwa upole. Akitoka jeshini, kozi hii peke yake haitampa leseni ya uuguzi wala ya udaktari. Ila akihudumu miezi 36, sheria ya elimu ya askari iliyotungwa baada ya 2001 inamlipia hadi miezi 36 ya masomo, na katika chuo cha serikali humlipia karo yote ya mkazi wa jimbo. Upo pia mpango wa jeshi wa kuwasomesha matabibu hawa shahada ya uuguzi na kuwapandisha kuwa maofisa.

Mafunzo ni wapi na muda gani?

Depo ni Great Lakes, Illinois, kaskazini ya Chicago, na inachukua wiki tisa au kumi. Halafu anahamia San Antonio, Texas, kwenye kambi ya Fort Sam Houston, katika chuo cha tiba cha pamoja kinachojulikana kwa kifupi METC. Hapo husomea wanafunzi wa nchi kavu, wa anga na wa majini. Zamani wanamaji walikuwa na shule yao Great Lakes, ikafungwa 2011 baada ya kila kitu kuhamia San Antonio. Kozi ya msingi huchukua zaidi ya miezi mitatu, na urefu wake umekuwa ukibadilishwa, basi shika tarehe iliyo kwenye karatasi zake, usishike ya mtoto wa jirani. Ongeza na siku za kusubiri darasa lianze. Siku hizo za kusubiri huwachosha kuliko masomo yenyewe, maana ni kufagia, kusimama lindo na kungoja.

Yuko depo na simu yake imezimwa. Nimepata sauti yake kwa nusu dakika tu, anaongea kama roboti. Ana nini?

Hana kitu. Ile simu ya kwanza huwa ni kusoma maneno yaliyoandikwa: nimefika salama, nitawaandikia. Anazungukwa na makuruta wenzake na mkufunzi amesimama nyuma. Usitafute kilio ndani ya nusu dakika.

Mwandikie barua. Sizungumzii ujumbe wa simu, nazungumzia karatasi na stempu. Mwanangu alikuja kuniambia kwamba barua zangu alizisoma hadi zikachanika kwenye mikunjo, na iliyomkaa zaidi ilikuwa ile niliyomweleza jinsi bomba la jikoni lilivyopasuka na baba yake alivyolirekebisha kwa mpira wa baiskeli. Mwandikie habari za nyumbani za kila siku. Usimwandikie kwamba hulali, kwamba umekonda, kwamba bibi yake analia. Atafanya nini na hayo akiwa amefungiwa kule?

Karibu na mwisho wa depo kuna mtihani wa usiku kucha ndani ya meli ya bandia iliyojengwa ukumbini. Wakimaliza alfajiri, wanavua kofia iliyoandikwa kuruta na kuvaa ya wanamaji. Simu inayofuata baada ya hapo, kaa karibu na tishu.

Sasa yuko San Antonio na simu anayo. Mbona hana nafasi ya kuongea?

Kwa sababu anaamka kabla ya jua, anafanya mazoezi ya viungo, anakaa darasani mchana kutwa, jioni anasoma, na usiku anaweza kuwa na lindo. Wiki za mwanzo hawaruhusiwi kutoka kambini wala kuvaa nguo za kiraia wapendavyo. Uhuru hufunguliwa kwa hatua, na huweza kurudishwa nyuma.

Masomo yenyewe yanakwenda mbio. Mifupa, misuli, moyo na mapafu, dawa, huduma ya dharura, yote ndani ya wiki chache, na mtihani unafuata mtihani. Jioni moja mwanangu alinipigia kwa video, akakunja shati na kunionyesha mkono. Kwenye kiwiko kwa ndani palikuwa na michubuko mitatu, mmoja zambarau, mmoja wa kijani, mmoja umeanza kuwa wa njano. Wanajifunza kutafuta mshipa kwa kudungana wao kwa wao. "Mama, huyu mwenzangu mikono ilikuwa inamtetemeka," akasema, "nikamwambia choma tena, mimi nipo." Nilitaka kupiga kelele. Nikakumbuka yale tuliyoambiana kikundini, nikamuuliza: na wewe ulipomchoma, ulipata? Akacheka, akasema mara ya kwanza tu. Nilifunga simu, nikampigia yule mama wa Mombasa, kelele nikazimalizia kwake.

Huo ndio mpango wetu wote. Mtoto anapewa sikio, hofu anapewa mzazi mwenzio.

Akifeli?

Mtihani mmoja haumfukuzi mtu. Kwa kawaida hupewa masomo ya ziada na nafasi ya kurudia. Ikishindikana anaweza kurudishwa kwenye darasa la nyuma yake. Ikishindikana kabisa, jeshi humpangia kazi nyingine, na hapo mahitaji ya jeshi hutangulia matakwa yake. Mkataba humpa nafasi ya kuisoma fani, haumpi hakika ya kufaulu. Wazazi wengi hatukuelezwa hivyo siku ya kusaini. Mwenzetu mmoja alihakikishiwa na mwandikishaji kwamba "hakuna anayefeli", na mwanawe aliporudishwa darasa la nyuma yule baba alidhani ni ubaguzi. Tulimtafutia mzazi ambaye mtoto wake naye alirudishwa nyuma, akamaliza, na sasa yuko hospitali ya wanamaji San Diego. Waliongea saa mbili. Sisi wengine tulikaa kimya kwa sababu hatukuwa na la kumsaidia.

Alisaini akidhani ni hospitali au meli. Sasa anaambiwa anakwenda na Marine!

Swali hili ndilo linalovunja watu miguu, nalijibu kwa urefu. Kikosi cha Marine, wale askari wa mapigano wanaoshirikiana na wanamaji, hakina matabibu wake. Kila anayewatibu, kuanzia kambini hadi mstari wa mbele, hutoka kwa wanamaji. Kwa hiyo baada ya San Antonio baadhi ya vijana wetu hupelekwa Camp Pendleton, California, au Camp Lejeune, North Carolina, kwa kozi nyingine ya takriban wiki nane. Huko wanajifunza kutembea na mzigo mgongoni, kulala porini, na kumtibu majeruhi risasi zikiwa zinalia. Wanafundishwa kwanza kuzuia damu, kwa mkanda unaokazwa kwenye mguu au mkono, sehemu iliyo juu kuliko kidonda, maana mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja anaweza kuisha ndani ya dakika chache.

Ukweli mchungu ni kwamba hii si kazi ya kukaa mezani. Matabibu wa kikosi hiki wamepata zaidi ya medali 20 za juu kabisa za ushujaa za Marekani, na medali hizo hazitolewi kwa mtu aliyekaa mahali salama. Lakini wapo wengi wanaopangiwa Bethesda, Portsmouth ya Virginia, Jacksonville, Rota ya Hispania, Yokosuka na Okinawa kule Japani, Guam, au meli za hospitali USNS Mercy na USNS Comfort zenye uwezo wa vitanda 1,000 kila moja. Wengine hufika hadi Djibouti, Camp Lemonnier. Kijana hujua kituo chake karibu na mwisho wa kozi, na mara nyingine hubadilishiwa.

Usimwambie "kwa nini hukukataa". Hana mlango wa kukataa. Muulize anahitaji viatu gani.

Kuna fomu ya bima ya maisha, ametuandika sisi. Kwa nini anajichulia?

Hajichulii. Kila askari anaingizwa kwenye bima ya maisha moja kwa moja, na tangu 1 Machi 2023 kiwango cha juu ni dola 500,000. Anachojaza ni majina ya warithi. Kwetu kulitaja jambo ni kama kuliita, najua, na mama yangu alipoliona jina lake kwenye karatasi ile alisoma dua nusu saa. Muache asome. Ila mshauri mtoto ajaze vizuri na abadilishe siku akioa au akiolewa.

Kwenye fomu ya dharura aandike mama yupi?

Msicheke, swali hili ni zito. Kwetu mtoto ana mama, ana mama mkubwa na ana mama mdogo, na pengine aliyemlea si aliyemzaa. Fomu ya jeshi haijui hayo. Aandike jina kamili kama lilivyo kwenye hati ya mtu, si "Mama Salma", aandike na namba ya simu inayopokelewa. Kama bibi au mama mkubwa ndiye aliyemlea kama mzazi, aliseme hilo mapema kwa viongozi wake, kwa sababu litakuja kuhusika kwenye swali linalofuata.

Tumefiwa nyumbani, au kuna mgonjwa mahututi. Tunamfikishiaje?

Mpigie yeye kama ana simu, lakini pia wapigie Msalaba Mwekundu wa Marekani: 1-877-272-7337, usiku na mchana. Wao huthibitisha habari na hospitali, daktari au wanaosimamia mazishi, kisha huipeleka kwa kiongozi wake. Neno la mzazi pekee kwa kawaida halitoshi. Uwe na jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, cheo na kikosi.

Mgonjwa akiwa Afrika Mashariki, kazi iko kwenye uthibitisho. Mama yangu alipolazwa Tanga, tulihitaji namba ya wodi na jina la daktari atakayepokea simu ya nje na kuongea Kiingereza. Mdogo wangu alikaa pale wodini hadi simu ikaingia. Tafuta mtu wa kukaa pale.

Ruhusa hutoa mkuu wake, si Msalaba Mwekundu. Wazazi na ndugu wa tumbo moja huhesabiwa jamaa wa karibu. Bibi, mjomba na shangazi mara nyingi hawahesabiwi, isipokuwa ionekane walishika nafasi ya mzazi. Inauma. Kwetu mjomba ni mtu. Lakini ni bora ujue leo kuliko kujua siku ya msiba. Nauli ikiwa tatizo, kuna chama cha kusaidia familia za wanamaji na Marine kilichoanzishwa 1904, kinachotoa mikopo isiyo na riba na mara nyingine msaada usiorudishwa. Anayeomba ni yeye askari.

Naweza kumpigia mwalimu wake?

Usimpigie. Ametimiza miaka 18, na sheria ya faragha ya 1974 inawazuia kukupa habari zake bila ruhusa yake. Zaidi ya hapo, simu ya mama humfikia kijana kama aibu mbele ya wenzake. Vikosi vingi vina mtu wa kujitolea wa kuunganisha familia na mkuu wa kikosi, mpango ulioanzishwa na Admeri Elmo Zumwalt mwaka 1970. Muulize mwanao kama kikosi chake kinaye. Isipokuwa kama maisha ya mwanao yamo hatarini. Hapo piga popote.

Nimepigiwa kwamba yuko mahabusu au ameumia, nitume pesa haraka.

Kata simu. Ni wezi. Jeshi haliombi familia pesa. Na habari ya kifo, Mungu apishe mbali, haiji kwa WhatsApp wala kwa mtu anayedai kadi za zawadi: huletwa mlangoni na watu waliovaa sare. Mama mmoja kikundini alipigiwa saa nane usiku, akatuma kwetu kabla ya kutuma pesa. Tulimpata mtoto ndani ya dakika 20. Alikuwa amelala.

Sasa analipwa. Ni haki kumwomba atume nyumbani?

Haya ndiyo mazungumzo tunayorudia kuliko yote, na hatukubaliani. Mimi nitasema ninavyoona. Mshahara wa kuanzia ni zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kulala na kula amepewa. Huko nyumbani wakisikia hivyo, wanaanza: ada ya binamu, paa la bibi, harusi ya mjomba. Kijana hawezi kusema hapana kwa wakubwa zake. Wewe ndiye unayeweza. Baba wa Bukavu aliita kikao cha ndugu kwa simu, akawaambia: kijana yuko shuleni, mpaka amalize, maombi yote yapitie kwangu. Wengine walinuna. Kijana akafaulu.

Mwanangu hutuma kidogo kwa bibi yake kila mwezi kwa hiari yake, na sijamzuia, kwa sababu naona inavyomnyoosha mgongo. Ila kwanza tulikaa tukapanga akiba. Kwenye mfuko wa uzeeni wa serikali, akiweka asilimia 5 ya mshahara, baada ya miaka miwili serikali inalingana naye hadi asilimia 5. Pesa hizo zinaachwa na vijana wengi kwa kutojua.

Na gari. Karibu na kila kambi kuna wauza magari wanaosubiri vijana wenye mshahara wa kwanza. Sheria ya 2006 inaweka kikomo cha asilimia 36 kwa mikopo mingi ya askari, lakini mkopo wa kununulia gari haumo. Mwambie asisaini siku hiyo hiyo, akupigie kwanza, au ampigie yeyote kati yetu.

Sisi tulikimbia wanajeshi. Nitawezaje kumwona mwanangu ndani ya magwanda?

Aliyeuliza hivi ni mama wa Kongo. Alisema hivi: picha ya kijana ilipoingia kwenye simu, miguu ilimwisha nguvu kabla hajautambua uso wa mwanawe. Kwake askari ni mtu aliyekuja usiku. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia ajivune. Mama mwingine wa Uvira aliyepitia hayo alimwambia kwamba yeye aliomba picha za mwanawe akiwa na koti la kliniki, akaanza na hizo, na zile za gwaride akaziweka kwa baadaye. Si lazima uende mahafali kama mwili unakukatalia. Mweleze mtoto sababu. Wengi wao walikuwa wadogo mno, hawajui kilichotokea, na kwa baadhi yao ndicho kilichowafanya waje kwenye kazi ya kufunga majeraha.

Anasema amechoka, hataki tena. Nitajuaje kama ni uchovu au ni hatari?

Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo kichwani. Akisema ndiyo, au akikwepa, usimwache peke yake kwenye simu: namba ni 988 kisha bonyeza 1, mahsusi kwa askari na waliostaafu.

Mjue pia Brandon Caserta, mwanamaji wa Norfolk aliyejiua Juni 2018 akiwa na miaka 21. Wazazi wake, Patrick na Teri, walihangaika na Bunge hadi ikapitishwa sheria yenye jina lake, iliyosainiwa Desemba 2021. Sasa askari anaweza kumwambia kiongozi wake kwamba anaomba kupimwa afya ya akili, bila kulazimika kueleza kwa nini, na kiongozi anapaswa kumpeleka. Mfundishe mwanao jina hilo: "Brandon Act". Wazazi wawili waliofiwa wamewaachia watoto wetu mlango huu.

Kasisi wa jeshi, wa dini yoyote, hawezi kutoa siri aliyoambiwa hata kwa mkuu wa kambi. Kwa kijana anayeogopa kuandikwa kwenye faili, huyo ni wa kwanza kumkimbilia.

Binti yangu je, atakuwa salama?

Mabinti wako wengi kwenye utabibu na wanafanya kazi ile ile. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo, maana udhalilishaji wa kijinsia upo jeshini na jeshi lenyewe limekiri. Ajue namba ya msaada ya askari wote, inayomtunzia siri mpigaji: 1-877-995-5247. Ajue pia kwamba anaweza kutoa taarifa ya faragha, akatibiwa bila uchunguzi kufunguliwa, au taarifa ya wazi. Uchaguzi ni wake. Akikwambia wewe, mkumbatie kwa maneno, usikimbilie kumpigia mkuu wake, kwa sababu unaweza kumfungia mlango ule wa faragha bila kukusudia.

Ataswali? Atafunga?

Ibada ipo, na anaweza kuomba chakula kinachoendana na dini yake. Jeshi la wanamaji lina viongozi wa dini Waislamu tangu 1996. Kufunga siku za mazoezi makali aongee na mkufunzi na imamu kabla ya mwezi kuandama.

Hajapata uraia, ana kadi ya kijani.

Kadi ya kijani inatosha kujiunga, ingawa kazi zinazohitaji kibali cha siri humfungia. Utumishi wa heshima katika kipindi hiki, kinachohesabiwa tangu 11 Septemba 2001, unamruhusu kuomba uraia bila kungoja miaka mitano na bila ada. Aombe jeshi limsainie fomu ya N-426, inayothibitisha utumishi wake. Alisimamie mwenyewe, karatasi hazijipeleki.

Baba yake haongei kabisa. Nifanyeje?

Mpe namba ya baba mwenzake. Wa kwetu alianza kwa kuuliza njia ya kuendesha gari hadi San Antonio, saa tatu kutoka hapa, akaishia kusimulia mambo ambayo mimi sikuwahi kuyasikia.

Nipate wapi wazazi wengine?

Wamarekani wana mama wa Nyota ya Buluu, chama kilichoanza Flint, Michigan, mwaka 1942, na kina matawi mengi. Nyota ni ile ya bendera ndogo ya dirishani, moja kwa kila mtoto aliye kazini. Wametupokea vizuri. Lakini tafuta na wa lugha yako, kanisani, msikitini, dukani kwa muuza unga wa ugali. Wawili wanatosha kuanza.

Kikundi chetu kina mambo matatu tuliyoyaafiki kwa machungu: hatuandiki tarehe za safari wala jina la meli, hatulinganishi alama za watoto, na hatupeleki uvumi kabla ya kumuuliza mwenye mtoto.

Mahafali: nivae nini, niingieje?

Vaa kitenge chako. Kwa getini uliza mapema: mwanao aandikishe majina yenu, na mwenye pasipoti ya nje huhitaji ukaguzi na mara nyingine mtu wa kumsindikiza. Usifunge safari kutoka Dar bila kujibiwa. Vigelegele subiri watangaze rasmi kwamba sherehe imekwisha. Nilivipiga mapema na mstari mzima wa mbele wakageuka, wa kwangu peke yake hakugeuka, lakini niliona masikio yake yakisogea.

Naweza kumtumia chakula?

Depo, hapana. San Antonio, ndiyo, vitu vikavu: kashata, visheti, korosho, ubuyu. Funga kwenye kopo, mfuko hupasuka njiani. Tuma vya kugawa, maana chumbani wako wengi, na yule mwenzake aliyekuwa anatetemeka mikono anaulizia visheti mpaka leo.